Ruhusa ya Kwenda Casper

Katika mkahawa wa njiani, askari Verna Stubbs alimfungua mahabusu wake pingu mkono mmoja tu, wa kulia, ili aweze kula. Kanuni hazikuruhusu hata huo mmoja.

"Supu ya maharage na mkate wa mdalasini," Corinne Delaney akasema, akivuta bakuli. "Kweli hii ni Nebraska; huku ndivyo wanavyokula."

Verna akaitikia kwa kichwa. Tangu alipomchukua mahabusu huyu kwenye jela ya Casper, Wyoming, jana mchana, hakuwa amesema maneno ishirini.

"Huko Missouri askari mmekatwa ndimi?" Corinne akamtania. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mitano, mwenye macho ya kucheka. "Njia yote hii, mdogo wangu. Nidanganye basi, nisikie hata uongo."

"Kula, Bi Delaney. Supu inapoa," Verna akanong'ona.

Alikuwa akiiogopa sauti yake mwenyewe. Mwaka uliopita, kabla ya kuvaa sare, alikuwa akipokea simu katika ofisi inayosimamia watu waliohukumiwa kifungo cha nje. Ijumaa moja mwanamke aitwaye Corinne Delaney akapiga: mama yake yuko mahututi Wyoming, msimamizi wake yuko likizo, na bila ruhusa ya maandishi haruhusiwi kutoka nje ya jimbo.

"Nenda kwa mama yako," Verna alimwambia, bila kujitaja jina. "Karatasi niachie mimi."

Karatasi akaisahau. Alipoikumbuka, hati ya kumkamata Corinne ilikuwa imeshatoka, na yeye alikuwa ameshaomba kazi ya uaskari. Akanyamaza. Juzi mkuu wake alipotafuta askari wa kike wa kumfuata mtoro Wyoming, Verna alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliapa kwamba atamwambia Corinne ukweli njiani, na kesho, kesi itakaposikilizwa, atamwambia hakimu.

Walipovuka mto kuingia Missouri, akajikaza. "Kwa nini hukupinga kurudishwa?"

"Ningepinga, wangeanza kuulizana nani kasema nini. Watu wana kazi zao. Nikatia saini kwamba nakubali kurudi, yakaisha."

"Lakini hakimu akiamini ulitoroka, ni miaka minne jela."

"Kuhesabu najua."

Nitamwambia tukifika St. Joseph, Verna akajisemea. Wakaipita St. Joseph. Nitamwambia kwenye taa zile. Taa zikawaka kijani, na gari la nyuma likapiga honi.

Saa kumi jioni waliingia uani mwa jela. Verna akazima gari, lakini mikono haikutoka kwenye usukani.

"Bi Delaney," akaanza.

Corinne akangoja. Askari wa zamu akaja kufungua mlango wa nyuma.

"Angalia kichwa unaposhuka," Verna akasema.

Corinne akashuka. Akapiga hatua mbili, akageuka, akainama kwenye dirisha la dereva.

"Ile Ijumaa kwenye simu uliongea vizuri kuliko leo," akasema kwa upole. "Mama alikata roho nimemshika mkono, mdogo wangu. Usihangaike. Kesho nitamwambia hakimu niliondoka bila kumuuliza mtu."