Kilichomponya Silasi

Silasi alikuwa amempita beki wa mwisho, na kipa alikwisha kuanguka chini, goli likabaki wazi. Badala ya kufunga, aliinamisha kichwa, akageuka na kukimbia alikotoka, akauacha mpira pale pale kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha sufuria jikoni.

"Njaa hiyo," alisema Mama Marcelina, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya goli lile. "Mtoto hajala."

Mama Marcelina, mjane wa hapo Bunda, ndiye aliyefua jezi za timu ya kiwanda cha kuchambua pamba. Ilikuwa miaka ile sabuni ilipotafutwa kama dawa, na yeye alizifua kwa majani ya mpapai. Tena alilinda mpira. Timu ilikuwa na mpira mmoja tu, umeshonwa mara sita, na nyuma ya magoli yote mawili kulikuwa na mashamba ya pamba. Basi kila mechi alihamisha kigoda chake akakaa nyuma ya goli ambalo vijana wake walikuwa wakilishambulia, ili mpira ukipaa asiupoteze.

Mama alimpenda Silasi kuliko wote. Siku kijana huyo alipofika kutoka Buswahili, alimkuta njiani na karai la jezi mbichi, akampokea bila kuombwa na kulibeba mpaka nyumbani. Mama Marcelina hakusahau. Kila mechi alimchomea viazi vitamu, ila Silasi hakuwahi kuvifuata mwenyewe. Aliyekuwa akivipeleka ni Esta, binti wa mwisho wa mama, naye alikuwa akichelewa sana kurudi.

"Mama, na wewe ukaage kivulini," Esta alikuwa akimwambia. "Lazima nyuma ya goli?"

"Na mpira ukipotea?"

Misimu miwili ilipita Silasi hajafunga hata goli moja. Cha ajabu, mazoezini, saa ambazo mama yuko kisimani anafua, alifunga mpaka makipa wakaomba apumzishwe. Mwishowe aliomba kuondoka, na timu moja ya wavuvi wa Musoma ikamchukua. Katika mechi nane za kwanza huko alifunga magoli kumi na manne.

Bunda nzima iliumia. Katibu wa timu, Bwana Leodgar, aliunda kamati ya uchunguzi ya watu watatu, wakaenda Musoma, wakakaa siku nne mtaa wa Mukendo, wakarudi na taarifa. Kwanza, Silasi anakula vichwa vya sangara. Pili, amepata viatu vya mitumba vinavyolingana, wakati Bunda alichezea viatu viwili vya kushoto. Tatu, ni maji ya ziwa. Viatu havikupatikana, na sangara alifika ameoza, kwa hiyo kamati ikachagua maji. Lori la pamba lilileta pipa zima, wachezaji wakaogeshwa kwa foleni. Watatu waliyanywa, wakaharisha.

Mama Marcelina hakuchangia lolote. Aliwaza tu ni nani anamfulia yule mtoto huko.

Mechi ya mwisho ya msimu ratiba iliileta Musoma uwanjani Bunda. Meneja wa kiwanda alikuwa ametangaza kwamba ikishindwa, timu inavunjwa. Asubuhi ile mume wa binti yake mkubwa, Marcelina, alimletea mama sato wawili. Aliwaacha kwenye kona ya uzio akaenda zake bila kupiga hodi, asije akaonana na mama mkwe wake, kwa heshima kama siku zote. Mama aliwakaanga, akala kidogo tu. Roho haikutulia. Timu ikivunjwa, asingekuwa na jezi za kufua wala watoto wa watu wa kuwachomea viazi.

Kipindi cha kwanza alikaa mahali pake, nyuma ya goli la Musoma. Upande wa pili Silasi alifunga mawili, na Bwana Leodgar akaketi chini kama aliyekatwa miguu.

Wakati wa mapumziko, timu zilipobadilishana magoli, Mama Marcelina hakuhamisha kigoda chake. Alikuwa amemkaangia Silasi karanga. Atufunge tu, alisema moyoni, lakini asiondoke bila karanga. Akabaki nyuma ya goli lile lile, ambalo sasa lilikuwa la Bunda, upande ambao Silasi angeufuata.

Mpira ulipoanza, Silasi alichomoka akawapita wawili, akainua macho, akaona kigoda. Aligeuka akakimbia mpaka katikati ya uwanja, akajificha nyuma ya refa. Kuanzia hapo hakuonekana tena mbele. Bunda wakarudisha moja, wakarudisha la pili, wakaongeza la tatu. Dakika ya mwisho Musoma wakapata penalti, akasukumwa Silasi. Mama Marcelina alimwinulia mfuko wa karanga, akamtabasamia. Silasi akajifunika uso kwa jezi, akaligeuzia goli mgongo, akaupiga mpira kwa kisigino. Ukatokea kwenye pamba upande wa kona.

Watu walimbeba Mama Marcelina juu juu. Bwana Leodgar alipekua mfuko wa mama akitafuta dawa, akakuta karanga, akaomba mbili za akiba. Lakini mama alikuwa analia.

"Nimemkosea nini yule mtoto?" alimwuliza Esta. "Hata kunitazama hataki."

Esta alichukua kigoda akatangulia nyumbani.

Kesho yake, baada ya misa, wazee wawili kutoka Buswahili walipiga hodi. Walikataa chai mpaka waseme, na walichosema ni kwamba wamekuja kwa ajili ya Esta. Mama Marcelina aliuliza kijana mwenyewe ni yupi, na mbona hajaja.

"Amekuja," alisema mmoja wao. "Tuliochelewa ni sisi, mama. Yeye heshima ya mkwe kwako ameianza, ni misimu mitatu sasa."

Mama Marcelina alichungulia dirishani. Kwenye kona ya uzio walikuwa wamelazwa sato wawili, na mtu mwenye jezi ya Musoma, uso amefunika, alikuwa anatokomea mbio kwenye pamba.