Yai Lililobaki Juani

Zamani za wanyama kusemezana, Mbuni alitaga mayai yake peupe jangwani, ili kila apitaye ayasifu. Siku moja akaja jirani yake Kenge, ambaye kila alfajiri hulaza tumbo mchangani kuupima.

"Jirani, mchanga umeamka na moto," akasema. "Usiku umeshindwa kuupoza. Linakuja jua la kuua. Peleka mayai pangoni."

Mbuni alinung'unika, lakini akayaviringisha moja moja hadi pangoni. La mwisho akaliacha. "Nimechoka na huyu mzushi!"

Jua likaja, likapita. Vifaranga wakaanguliwa kivulini, buheri wa afya. Badala ya kushukuru, Mbuni akamwendea Kenge amefura kwa hasira.

"Mwongo wee! Umenitoa jasho bure. Hilo jua lako limemuua nani?"

Mbuni akashika njia ya kurudi, akapita penye kiota cha zamani. Lile yai aliloliacha lilikuwa limepasuka. Alipolidonoa, akakuta limeiva kama la kuchemsha.

Akarudi kwa Kenge na vifaranga wake wote.

"Nisamehe, jirani. Nilikuja kukudai msiba ulioniepusha nao. Ahsante kwa hawa."

Kenge akacheka. "Basi njoo alfajiri, nikufundishe."

Hadi leo, Mbuni akilaza shingo mchangani, watu humcheka wakidhani anajificha. Hajifichi. Anaupima mchanga kwa ajili ya wanawe, na kila mara humtaja Kenge kwa wema.