Kikombe Kiunoni

Kocha Malimbo alikuwa na kipimo kimoja tu. Unalala kifudifudi, unajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu mpaka mwili unyooke kama ubao, kisha anakuwekea kiunoni kikombe cha bati kilichojaa maji na kukuambia unyanyue mguu mmoja. Tumbo na nyonga zikishika, maji yanatulia. Yakimwagika kabla hajahesabu sitini, safari ya mashindano huna.

Kwa miaka tisa mchezaji wake Sikudhani hakuwahi kumwaga hata tone.

Leo alipounyanyua mguu, nyonga iliyoumia mwaka jana ilianza kutetemeka. Kocha alipofika thelathini na mbili, maji ya baridi yakamteremka ubavuni.

“Thelathini na tatu,” kocha akaendelea, akitazama pembeni. “Thelathini na nne.”

“Kocha, yamemwagika.”

“Mimi sijaona kitu. Kaza tumbo, mwanangu.”

Sikudhani akaushusha mguu. “Mwandike Tunu badala yangu,” alisema, akimtaja mwenzake aliyekuwa akisubiri zamu.

Lakini hakuinuka. Alibaki juu ya viwiko, macho chini, mgongo umenyooka, na kocha naye hakuja kukiondoa kikombe.