Kola ya Mzee Cleopa

"Legeza, wee mtoto! Unataka kuniua?"

Naanyu akalegeza futi shingoni mwa Mzee Cleopa. Naanyu alikuwa fundi cherehani hapo Mikumi, na mzee huyu ndiye mwenyekiti wa kijiji chao. Mwenyekiti gani! Mwaka jana, wawekezaji walipoanza kumiminika, aliwauzia malisho yote kimyakimya. Trekta likalima nyasi, likalima hata makaburi. Ng'ombe wakafa kwa njaa, na baba yake Naanyu akawafuata kwa kihoro.

Keshokutwa mzee angeapa kwa Biblia kwenye baraza la ardhi la Kilosa kwamba hakuuza kitu. Akiaminiwa, malisho ndiyo basi tena.

"Asibanwe shingo, mwanangu," alisema mkewe, Bi Grace, kwa upole. "Nesi Hildegarda kasema ana mshipa mbovu hapo. Ukigandamizwa, moyo unapiga polepole, presha inaporomoka, anaanguka. Hata tai namfunga mwenyewe."

"Nimesikia, mama."

Walipoondoka, Naanyu aliitazama kola ya shati alilokuwa akimshonea mzee kwa ajili ya siku hiyo. Chuki ilimjaa. Apunguze upana wa vidole viwili tu, nani atajua? Akashika mkasi.

Siku ya baraza watu walijaa hadi madirishani. Mzee Cleopa alisimama na shati lake jipya, akainua Biblia, akageuza shingo kuwatazama wafugaji kwa dharau.

"Naapa, sijauza hata..."

Pu! Chini kama gunia.

"Kiapo kimemshika!" watu wakapiga kelele.

Nesi Hildegarda alipenya, akalegeza tai, akashika mkono wa mzee na kuhesabu mapigo. Hayakufika hata arobaini kwa dakika. Akaamuru ainuliwe miguu. Baada ya muda mzee akafumbua macho, akaona nyuso zote zile zimemwinamia, akaangua kilio.

"Niliuza! Mungu nisamehe, niliuza mimi! Warudishieni malisho yao!"

Vigelegele vikapasua paa. Naanyu peke yake alibaki ameduwaa.

"Mbona kola inapwaya?" nesi alishangaa, vidole vyake vitatu vikipita ndani bila taabu. "Basi ni hii tai. Nani kamkaza namna hii?"

Bi Grace alimsogelea Naanyu, akamnong'oneza sikioni: "Nilijua mkono wako ungesita, mwanangu. Wangu haukusita. Trekta lilipita juu ya kaburi la Kasian wangu, mtoto niliyekuja naye nilipoolewa na huyu mzee."