Bamia, Mchicha na Riziki

Tunu aliwapa majina ya mboga watumiaji wake bandia, programu alizotunga kuijaribu seva, kila mmoja kwenye kontena lake ndani ya kompyuta: Bamia, Mchicha, Nyanya Chungu. Kesho wauguzi wa hospitali nzima wangeanza kufungua mafaili ya wagonjwa kwenye seva hii mpya, na leo alitaka kujua kama itawabeba wote.

"Ongeza, mwanangu," alisema Bwana Shekue, mkubwa wake. "Kesho hawatapanga foleni kama watoto wa chekechea."

Akaongeza nakala za kila mmoja, mamia kwa mamia. Proksi, mlinzi wa mlango wa seva, ikaanza kuwarudisha wageni. Bamia karudishwa. Mchicha karudishwa.

Kisha akaona kwenye kioo cha kompyuta jina ambalo hakulitunga yeye: Muuguzi Riziki, wodi ya wazazi. Anabisha, anarudishwa, anabisha tena.

"Si tuliwaambia wasubiri kesho?"

"Tuliwaambia," Bwana Shekue alijibu, sauti imemshuka. "Labda seva ile ya zamani imezimika, na ana mzazi kitandani anayehitaji faili lake."

Tunu akayazima makontena yote kwa mpigo. Bamia wakaondoka, Mchicha wakaondoka, mlango ukabaki wazi. Akakodolea macho kioo kitupu, akimngoja Riziki abishe tena.