Shuka Haijibu

"Ukifika kwa kinyozi peke yako, nitakuacha ukae hapa," Zaituni alimwambia kaka yake. "Ukishindwa, leo hii unahamia kwangu."

Makame alikuwa kipofu, na hakutaka kulelewa. Alipiga ulimi kwenye kaakaa, akasikiliza kama popo. Kulia sauti ilirudi kali: ukuta. Kushoto haikurudi, akajua ni uchochoro. Akaingia kwa haraka, shuka iliyoanikwa ikampiga usoni, ingali inachuruzika maji.

Zaituni, aliyekuwa akimfuata nyuma, alicheka. "Popo gani ananasa kwenye nguo za watu?"

"Nguo inameza sauti. Sasa najua."

Akaiinua, akapita chini yake, akapiga ulimi tena. Mbele hapakujibu kitu. Huenda ni barabara, huenda ni shuka nyingine. Makame alinyoosha mkono, akaendelea kutembea.