Hodi ya Shekue

Siku hizi sheria ni moja: sauti ya marehemu haivuki siku ya arobaini. Alfajiri hiyo mitambo ya studio yao ndogo, kile chumba cha uani, ilifuta yenyewe sauti ya Shekue, mumewe Zawena, katika kila rekodi.

Baada ya hitima, wifi yake Zawena alichungulia studioni. "Haukubaki hata wimbo mmoja, wifi?"

"Hata kikohozi."

Waimbaji wengine hujaribu maikrofoni kwa kuhesabu. Shekue alikuwa akipiga hodi, na Zawena akimwitikia kutoka kwenye mitambo. Wifi alipoondoka, Zawena alivaa hedifoni, akafungua rekodi ya mwisho.

Kimya. Kisha akajisikia mwenyewe, akicheka: "Karibu!"

Kimya tena.

"Pita basi, mbona umesimama mlangoni?"